Ushindi mwembamba usifiche ngome inayovuja



Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wapenzi wengi wa michezo hulipita bila kulitazama. Timu inaposhinda kwa tofauti ndogo huku ngome yake ikivuja, je, tuseme ni timu nzuri, au tuseme imeponea chupuchupu?

Mfano nitakaoutumia sikuutoa Simba wala Yanga. Nikifanya hivyo wasomaji hawatapima hoja yangu, bali watataka kwanza kujua mimi ni wa upande gani. Nimeutoa mbali, Marekani, katika futiboli yao ya vyuo vikuu, ambayo baadhi ya vijana wetu siku hizi huitazama kwenye simu. Huko hakuna atakayenituhumu ushabiki.

Kwa wasioufahamu mchezo huo, mpira wake una umbo la yai na hubebwa mikononi. Kila upande una wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, yaani karibu mita 9. Ikifaulu hupewa nafasi nne nyingine. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani huleta pointi 6, na teke la nyongeza linalofuata huleta pointi 1. Kuupiga teke ukapita katikati ya milingoti ni pointi 3. Lakini jambo la kukumbuka zaidi ni kwamba wale 11 wanaoshambulia si wale 11 wanaolinda. Ni vikosi viwili tofauti ndani ya timu moja. Kwa hiyo ngome ya timu huweza kupimwa peke yake, kwa kuhesabu yadi ambazo wapinzani wamesogea mbele yake na pointi walizopata.

Sasa tuitazame timu ya chuo kikuu cha Texas Christian, kilichoko mji wa Fort Worth, ambacho kwa kifupi huitwa TCU. Mwaka 2021 timu hiyo ilishinda michezo 5 na kupoteza 7. Msimu wa 2022 alikuja kocha mpya, Sonny Dykes, na timu ikashinda michezo yote 12 ya msimu wa kawaida. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Ila ushindi mwingi ulikuwa wa pembeni mwa shimo. Iliifunga Kansas 38 kwa 31, Oklahoma State 43 kwa 40 baada ya muda wa nyongeza, na Baylor 29 kwa 28 kwa teke lililopigwa wakati saa inakwisha. Katika fainali ya kanda yao ilifungwa na Kansas State 31 kwa 28, hata hivyo ikachaguliwa kuwa miongoni mwa timu nne ambazo wakati huo ndizo zilizogombea ubingwa wa taifa.

Tarehe 31 Desemba, 2022, huko Glendale, Arizona, TCU ilikutana na Michigan, timu ambayo ilikuwa haijapoteza mchezo hata mmoja msimu huo. TCU ilishinda 51 kwa 45. Tofauti ni pointi 6. Maana yake, kama Michigan wangefika eneo la mwisho mara moja zaidi na teke la nyongeza likapita, wao ndio wangeshinda.

Tuipime ngome ya TCU siku hiyo kwa haki, bila kuipendelea wala kuionea. Kwanza, iliwaruhusu Michigan kusogea yadi 528. Pili, mpaka mapumziko Michigan walikuwa na pointi 6 tu, lakini baada ya mapumziko walipata pointi 39. Katika robo ya tatu peke yake timu hizo mbili zilipata jumla ya pointi 44. Hiyo si ngome, ni nyavu ya dagaa iliyotoboka.

Lakini ngome hiyo hiyo iliyovuja ndiyo iliyoleta ushindi! Mlinzi Bud Clark alinasa pasi ya Michigan akakimbia nayo yadi 41 mpaka eneo la mwisho. Baadaye Dee Winters akanasa nyingine akakimbia nayo yadi 29. Ukijumlisha na mateke ya nyongeza, walinzi peke yao walileta pointi 14 katika mchezo ulioamuliwa kwa pointi 6. Aidha, Michigan walifika mwanzoni kabisa yadi 2 kutoka eneo la mwisho, wakajaribu mchezo wa ujanja badala ya nguvu, wakazuiwa. Mara nyingine walifika mlangoni kabisa, mchezaji wao akauangusha mpira na TCU wakaudaka. Mara mbili chakula kilifika mdomoni kikaanguka.

Hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Katika ushindi wa namna hii kuna mambo ya aina mbili. Kuna mambo yanayotokea kila mchezo, na kuna mambo yanayotokea kwa nadra. Wapinzani kukimbia watakavyo katikati ya walinzi wako, hilo hujirudia, kwa sababu linatokana na uwezo na mpangilio wa watu wako. Wapinzani kuangusha mpira mlangoni, au kukurushia mpira mikononi mara mbili ukakimbia nao mpaka mwisho, hilo huhitaji pia msaada wao. Sisemi ni bahati tupu, maana mlinzi aliyenasa pasi alikuwa amekaa mahali panapotakiwa. Nasema tu kwamba huwezi kuliweka katika hesabu ya kesho.

Sisi walimu wa shule za msingi tunalijua jambo hili vizuri. Mtihani wa hisabati ukiwa wa kuchagua herufi, mtoto anaweza kupata swali kwa kulikokotoa, na anaweza kulipata kwa kubahatisha. Mwalimu akisahihisha ataweka alama ya vema kote kuwili. Lakini mwalimu makini huuliza karatasi ya kukokotolea iko wapi. Kumsifu mtoto kwa jibu alilobahatisha ni kumnyima somo.

Tuendelee. Usiku huo huo, katika mji wa Atlanta, nusu fainali ya pili ilizikutanisha Georgia, waliokuwa mabingwa watetezi, na Ohio State. Georgia nao walishinda kwa tabu, 42 kwa 41. Ngome yao nayo ilivuja, wakasogezwa yadi 467. Robo ya mwisho ilipoanza walikuwa nyuma 38 kwa 24. Waliongoza zikiwa zimebaki sekunde 54 tu, na hata hapo Ohio State walipata nafasi ya kupiga teke la umbali wa yadi 50 ambalo lingewanyang'anya ushindi. Teke lilikwenda pembeni mwaka mpya ukiingia. Tena lile tundu halikuwa geni. Tarehe 3 Desemba, 2022, katika fainali ya kanda yao, Georgia waliwafunga LSU 50 kwa 30, lakini pasi za LSU zilivuka yadi 500.

Kwa hiyo tulikuwa na timu mbili, zote zimeshinda kwa kuponea, zote ngome inavuja, na zinakutana zenyewe kwa zenyewe tarehe 9 Januari, 2023, huko Inglewood, California. Walikuwa na siku 9 tu za kuziba.

Matokeo yalikuwa Georgia 65, TCU 7. Tofauti ya pointi 58 ilikuwa kubwa kuliko zote katika fainali za ubingwa huo. Mpaka mapumziko ilikuwa 38 kwa 7, na mashambulizi sita ya Georgia yalikwisha kuzaa pointi. Stetson Bennett wa Georgia alitoa pasi nne zilizozaa pointi, na mara mbili akaingia mwenyewe.

Naomba wasomaji wayatazame tena mahesabu. Michigan walisogea yadi 528 mbele ya ngome ya TCU. Georgia walisogea yadi 589. Tofauti ni yadi 61 tu. Uvujaji ulikuwa karibu ni ule ule! Kilichobadilika ni kwamba safari hii hapakuwa na zawadi. Georgia hawakupoteza mpira hata mara moja. Hawakuangusha mlangoni, hawakurusha pasi ikanaswa. Zawadi zilipoondoka, likabaki tundu peke yake, na watu wote wakaliona.

Upande wa pili, ngome ya Georgia iliyoruhusu yadi 467 na pointi 41, siku 9 baadaye iliruhusu yadi 188 na pointi 7. Mlinzi wao Javon Bullard peke yake alinasa pasi mbili za mpiga pasi wa TCU, Max Duggan. Waliokuwa wakivuja wakawa ukuta.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema Georgia ni chuo kikubwa kinachovuta vijana bora wa nchi nzima, na TCU ni chuo kidogo, kwa hiyo haikuwa vita ya sawa kwa sawa. Ni kweli, na uzito wa hoja hiyo siukatai. Tena mkimbiaji hodari wa TCU, Kendre Miller, aliumia katika mchezo wa Michigan na hakucheza fainali. Vile vile Georgia nao walisaidiwa na bahati katika nusu fainali, kwani mchezaji hatari wa Ohio State, Marvin Harrison Jr., alitoka kwa kuumia robo ya tatu ikielekea mwisho. Lakini hoja ya ukubwa wa chuo inaweza kutueleza kwa nini TCU walifungwa. Haielezi kwa nini watu walishangaa. Walishangaa kwa sababu walisoma 51 kwa 45 wakaishia kwenye 51.

Wengine watasema fainali ni siku moja tu, na siku mbaya humpata kila mtu. Basi tuutazame msimu uliofuata. Tarehe 2 Septemba, 2023, TCU ilifungua msimu nyumbani dhidi ya Colorado, ikafungwa 45 kwa 42 na kusogezwa yadi 565. Mwaka huo ilimaliza kwa kushinda michezo 5 na kupoteza 7, palepale ilipokuwa mwaka 2021. Msimu ulipokwisha, kocha msimamizi wa ngome aliondolewa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Ndugu Mhariri, kwa nini mwalimu wa kijijini ajishughulishe na haya? Kwa sababu timu za shule zetu na vilabu vya mitaani kwetu vina ugonjwa huo huo. Timu ikifungwa, kikao huitwa jioni ile ile. Kila mmoja anatoa lawama, na kipa anaambiwa aache mpira akalime. Timu ikishinda 4 kwa 3, hakuna kikao. Ni ngoma na vifijo. Mabao matatu yaliyoingia hayaulizwi yalipitia wapi. Siku wanapokutana na timu isiyokosea na kufungwa mabao manane, watoto ndio wanaozomewa, wakati sisi wakubwa ndio tuliowaambia kwamba wako sawa.

Mapendekezo yangu ni matatu, na hayahitaji fedha. Kwanza, kikao kiitwe baada ya ushindi kama kinavyoitwa baada ya kushindwa. Tena kikao cha ushindi ni rahisi zaidi, kwa kuwa mioyo imetulia na mchezaji anaweza kuambiwa kasoro yake asione ametukanwa.

Pili, kila timu iwe na mtu mmoja mwenye daftari na kalamu pembeni mwa uwanja. Asiandike mabao, hayo kila mtu anayaona. Aandike wapinzani wameingia mara ngapi katika eneo letu la hatari, na wamepitia upande gani. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kazi hiyo. Mchezo ukiisha, daftari litasema kama tumezuia au tumesamehewa.

Tatu, nawaomba waandishi wetu wa habari za michezo, mnapotuandikia kwamba timu fulani imeshinda kwa bao moja, mtuambie pia ni mara ngapi mwamba ulizuia na mara ngapi mpinzani alikosa goli likiwa wazi. Msomaji wa kijijini ambaye hakuuona mchezo atapata picha kamili.

Sisemi watu wasifurahie ushindi mwembamba. Pointi ni pointi, na wale vijana wa TCU walistahili kusherehekea usiku ule wa Desemba, kwani kuwafunga Michigan si mchezo. Ila sherehe ikiisha, taa iwashwe, paa litazamwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na safari nyingine mvua kubwa haikupi hata siku 9.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoani Singida.