Barua kwa Wanangu wa Kibanda cha Gemu

Kwa wanangu wa Mbamba Bay, na ninyi wa Mbinga mjini mnaoshinda kibandani na pedi mkononi mpaka muitwe kula,

Shangazi yenu hajambo, baridi tu. Hapa Würzburg nakunywa kahawa ya kwenu. Jimbo katoliki la hapa na Jimbo la Mbinga ni ndugu wa miaka mingi, na kahawa ya Wamatengo inauzwa hapa. Wajerumani wengi ninaokutana nao wanaijua Mbinga kwa kikombe hicho tu.

Ninaandika kwa sababu ya ile video aliyoirusha mmoja wenu kwenye kundi la ukoo. Mzungu mwenye ndevu anafoka kwamba kampuni ya gemu ya Ubisoft "imemlazimisha mtu mweusi" kuingia Japani ya kale. Chini yake mkaandika, "Kweli wamezidi." Mwingine akacheka mpaka machozi. Mama yenu mkubwa, ambaye hajui gemu ni nini, akaweka mikono ya maombi. Nilitaka kujibu palepale, nikaona habari yenyewe ni ndefu kuliko kidole changu.

Mtu anayebishaniwa anaitwa Yasuke, na aliishi kweli. Alifika Japani mwaka 1579 katika msafara wa padri Mjesuiti wa Italia, Alessandro Valignano. Mwaka 1581 watu wa Kyoto walijazana kumtazama mpaka ikawa fujo. Mtawala Oda Nobunaga akaagiza avuliwe nguo za juu na kusuguliwa, kwa kuwa hakuamini kwamba weusi ule si rangi ya kupaka. Alipoamini akamchukua akae naye, akampa upanga, nyumba na posho. Mwaka uliofuata Nobunaga alisalitiwa na jemadari wake mwenyewe, Akechi Mitsuhide. Yasuke alipigana, akakamatwa, akarudishwa kwa mapadri, na habari zake zikaishia hapo. Padri Mfaransa François Solier aliandika mwaka 1627 kwamba mtu huyo alitoka Msumbiji.

Msumbiji, wanangu. Mkishika ufukwe kuelekea kusini mnafika Chiwindi, na mbele yake ni nchi hiyohiyo. Sidai kwamba alikuwa Mnyasa. Msumbiji ya Wareno wa wakati ule ilikuwa kisiwa na bandari yake, na mtu aliyepandishwa meli pale angeweza kuwa ametolewa popote bara. Lakini kati ya Yasuke na yule mwenye ndevu wa kwenye video, mwenye uwezekano wa kuwa babu yenu ni Yasuke, nanyi mkamcheka pamoja na asiyemjua.

Gemu yenyewe, Assassin's Creed Shadows, ilitangazwa Mei 2024 na kutoka Machi 2025. Wahusika wakuu ni wawili: Yasuke, na binti Mjapani anayeitwa Naoe, mpelelezi wa siri. Kelele zilianza mara tu tangazo lilipotoka, na ndani yake kulikuwa na watu wa aina mbili ambao haifai kuwachanganya. Kuna Wajapani waliolalamika kwamba picha za matangazo zilitumia bendera ya kikundi cha wapenzi wa historia bila ruhusa, na kwamba mambo ya utamaduni wao yalichorwa ovyo. Hao wana hoja, na kampuni iliwaomba radhi Julai 2024. Wanahistoria nao wanabishana kama Yasuke alistahili kuitwa samurai au alikuwa mtumishi aliyependwa tu. Ubishi huo ni halali, mimi mwenyewe naupenda. Aina ya pili ni hawa wa kwenye video. Kwao kosa ni moja: mtu mweusi yumo, tena ndiye unayemwongoza kwa pedi.

Wanasema wanatetea usahihi wa historia. Haya, turudi nyuma kidogo.

Mwaka 2009 kampuni ya Kijapani ya Capcom ilitoa Resident Evil 5. Wakubwa wenu wameicheza. Mzungu anayeitwa Chris Redfield anafika mahali pa kubuni panapoitwa Kijuju, eti Afrika Magharibi, anawapiga risasi wanakijiji walioambukizwa ugonjwa. Maadui hao wanaitwa Majini, na wanapomvamia wanapiga kelele kwa Kiswahili. Kiswahili, Afrika Magharibi! Tangazo lake lilipoonyeshwa mwaka 2007, na hata baadaye, wapo waliosema kwamba picha zile zinanuka ukoloni. Mmoja wao alikuwa N'Gai Croal, mwandishi wa Newsweek, na mashabiki wakamshukia kama mwewe. Wakamwambia ni mchezo tu. Baadaye tukaona kwamba Chris ana mwenzake Mwafrika, Sheva Alomar, ambaye moja ya mavazi yake ya ziada ni ngozi ya chui, kama vile mabinti wa kwetu huenda sokoni hivyo.

Pimeni wenyewe. Tulipokuwa mazimwi yanayozungumza lugha ya Songea katika nchi ambayo watu wake hawaijui lugha hiyo, usahihi haukumkosesha mtu usingizi. Alipoletwa mtu aliyeishi kweli, aliyeandikwa na watu waliomwona kwa macho, usahihi ukawa imani. Mtu wa namna hiyo hatetei historia. Anatetea kiti alichozoea kukalia peke yake.

Tena msidhani ni ugomvi wa siku mbili. Mwaka 2014 wanawake waliotengeneza gemu au kuzikosoa Marekani walitishiwa mpaka wakahama nyumba. Anita Sarkeesian alifuta hotuba yake katika chuo kikuu cha Utah State baada ya mtu kutishia mauaji ya halaiki, kisa tu alikuwa akichambua jinsi wanawake wanavyochorwa kwenye gemu.

Hapo ndipo ninapowageukia ninyi, maana mabegani penu napo pana mavumbi. Mpira mnaocheza kibandani uliingiza timu za taifa za wanawake, 12, katika FIFA 16 ya mwaka 2015. Katika FC 24 ya mwaka 2023, mchezo huohuo kwa jina jipya, wachezaji wanawake wakaruhusiwa kupangwa na wanaume kwenye kikosi kimoja cha Ultimate Team. Mashabiki wa Ulaya wakalia, nanyi mkalia nao: haiwezekani demu amkabe Mbappé. Mbona nyote mnakubali kwamba kijana wa Mbinga aliyeketi kwenye kreti ya soda anaweza kuifundisha Manchester City? Aisha Masaka wetu alisajiliwa na Brighton mwaka 2024, katika ligi ya wanawake ya Uingereza ambayo imo ndani ya mchezo huo tangu FIFA 23. Nasikia pia kwamba binti wa dada yangu anapokuja kibandani hupewa pedi yenye kitufe kilichokufa, kwa kuwa siku moja aliwafunga wote. Mzee wa kibanda ananisikia.

Mambo haya ya nani anaruhusiwa kucheza tulikuwa nayo kabla ya umeme kufika. Hapa Ujerumani, kila Agosti, Köln inajaa watu wa Gamescom waliovaa kama wahusika wao wapendwa: makoti marefu, mapanga ya plastiki, nywele za buluu. Msichana mweusi akivaa kama mhusika mweupe, hakosi wa kumwambia kwamba rangi haifanani. Ndiyo maana Mmarekani mweusi Chaka Cumberbatch alianzisha mwaka 2015 kampeni ya kuonyesha picha za wenzake kila siku ya Februari. Mimi nikiwatazama hao wa Köln nawaona wachezaji wa ngoma ya mganda. Babu zetu walitazama gwaride la wakoloni, wakachukua kaptula nyeupe, soksi ndefu, filimbi na vyeo vyote, wakavicheza ufukweni kwa ngoma na kwa kejeli. Hakuna aliyewauliza kama rangi yao inafanana na ya kapteni. Lakini mganda ukaachwa kwa wanaume, na mama zetu wakabaki na kioda chao pembeni. Kioda ni kizuri, nimekicheza. Ila sikumbuki binti aliyewahi kupewa filimbi.

Nendeni pia kwenye vibonzo. Mtu wa Mbinga akisikia jina Ndunguru haulizi ni la wapi. Philip Ndunguru alichora katika jarida la Sani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kalamu yake ndiyo iliyowapa watu wahusika kama Ndumilakuwili na Lodi Lofa, na alipofariki mwaka 1986, bado kijana, wengine waliendelea kuwachora. Nchi nzima ilicheka kwa mkono wake. Hata hivyo, tukiyafungua majarida ya kizazi kile na yaliyofuata, tunamwona nani? Mwanamke ni makalio yanayotembea au mdomo unaogomba. Mtu wa mkoani ni mshamba anayeshuka stendi na kuku kwapani. Mvuvi wa Ziwa Nyasa simkumbuki kabisa, hata wa kuchekwa. Vichekesho vile navipenda mpaka leo, na bado nasema walioshika kalamu Dar walichora walichokiona kutoka Dar.

Basi nina kazi ya kuwapa, na karatasi nitanunua mimi. Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo Liuli, wakati huo Sphinxhafen, ikitengenezwa. Kapteni Rhoades, Mwingereza wa meli Gwendolen, akaja akaipiga mzinga. Kapteni Mjerumani, rafiki yake wa kunywa naye, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Akapiga makasia kwenda kumuuliza kama amelewa, akatekwa. Waingereza walijisifu kwa ushindi wa majini. Gemu za vita vile zimetengenezwa, Battlefield 1 ya mwaka 2016 ikiwemo, na sijaona iliyofika ziwani kwetu.

Nichoreeni siku hiyo. Makapteni wawili wanajulikana, wapeni nafasi ndogo. Nataka waliokuwa wakipasua kuni za meli, mama aliyekuwa akianika dagaa mzinga ulipolia, watoto waliopanda juu ya lile jiwe la Liuli kutazama. Binti wa dada yangu achore sura za watu, maana mkono wake ni mwepesi kuliko yenu. Wa Mbinga mjini mtapanga hadithi, wa Mbamba Bay mtakwenda Liuli kuwauliza wazee majina ya sehemu. Kurasa nne zinatosha kwa kuanzia. Pigeni picha mchana, si kwa taa ya kibandani, mnitumie. Mazungumzo yaandikeni kwa Kinyasa mkitaka, Kiswahili tutakiweka chini.

Shangazi yenu,
Würzburg