Kuchemsha Maji Hakutoshi

Wenzangu, twafundishwa kuchemsha maji, na ni vema, maana moto huua vijidudu. Lakini atrazini, dawa ya kuua magugu katika mashamba ya mahindi, haiondoki kwa kuchemshwa. Mvua huichukua mpaka mitoni, nayo katika wanyama waliojaribiwa imevuruga homoni za uzazi.

Huko Marekani, mwaka 2012, kampuni ya Syngenta ilikubali kuzilipa idara za maji dola milioni 105 za kuisafisha, ingawa ilikana kosa. Ulaya iliikataa mwaka 2004, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba maji ya chini ya ardhi yangesalimika.

Mimi naunga mkono Ulaya. Auzaye dawa ndiye athibitishe usalama wake. Si haki mnywaji augue kwanza ndipo asadikiwe.