Kuwamba ni Kuwamba

Kijana wa mtaani kwetu aunda vijindege vya kuchezea kwa mti mwepesi wa balsa. Juzi nilimkuta akipitisha pasi juu ya utando wa plastiki aliofunikia ubawa. Kwanza alizigandisha kingo, kisha akapasha katikati, juu na chini kwa kiasi kimoja. Moto ukizidi upande mmoja, ubawa hupinda. Utando ukajikaza, mkunjo hata mmoja usibaki.

“Maalim, kazi hii haina jina kwa Kiswahili,” akanambia.

Nilisikitika. Wazee wetu waliwamba ngoma kwa ngozi, wakazipasha moto zipate kulia. Huku si kuwamba? Lugha haikupungukiwa, ndugu zangu. Ni sisi tulioacha kuwafunza watoto kazi pamoja na majina yake.