Maneno Yenye Kh

Likizo ya Agosti nilikuwa nyumbani Khwisero. Nimekaa nje ya jiko la mama, mpwa wangu akaja na daftari. Yuko gredi ya 5.

"Khotsa, nisaidie hapa."

Kazi yenyewe ilikuwa hii: andika maneno 10 ya Kiingereza ambayo ndani yake K na H zimefuatana. Mwalimu alizitoa herufi hizo kwenye jina la mahali petu. Ni wazo zuri, na sina ugomvi na mwalimu huyo. Ugomvi wangu uko kwingine, nitafika.

Tulihangaika karibu nusu saa. Khaki ilikuja kwanza kwa sababu ya bahasha. Ikafuata sheikh. Nikakumbuka Sikh, halafu gymkhana, nikajiona msomi kweli kweli. Baada ya hapo tukaanza ujanja: workhouse, backhand, blockhead, yale maneno mawili yaliyounganishwa, K ikifunga la kwanza na H ikifungua la pili. Tukafika saba, tukakwama.

Mama alikuwa anachambua likhubi. Akauliza tunatafuta nini, nikamweleza. Akacheka.

"Sasa hayo ndiyo yanawasumbua? Si muandike ingokho? Si muandike omukhana?"

Mtoto akamtazama kama mtu aliyetukana mbele ya wageni. "Kukhu, hiyo ni Kiluhya. Nitawekewa kosa."

Kukhu. Ametamka neno lenye kh akieleza kwa nini maneno yenye kh hayafai. Yeye hakusikia. Mimi nilisikia, na tangu siku hiyo sijatulia.

Hebu tuyaangalie yale saba. Khaki ilitoka Kiurdu, na mzizi wake ni neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi. Sheikh ni Mwarabu. Sikh na gymkhana zilitoka Bara Hindi. Yaliyobaki matatu hayana kh yoyote, yana K na H zilizokutana njiani tu. Kwa hivyo tulimtuma mtoto wa Khwisero akatafute kh kwa watu ambao wenyewe waliikopa. Na nyumbani kwao? Nyanya ni kukhu, kuku ni ingokho, msichana ni omukhana, mjomba ni khotsa, mboga iliyo kwenye ungo ni likhubi. Kula ni okhulia, kuona ni okhulola. Kila kitenzi ukikitaja kwa jina lake kinaanza na okh. Huyo mtoto amekaa juu ya ghala na tumempa kikapu akaombe kwa jirani.

Najua nitajibiwa nini. Ati huu ni mchezo tu, unanoa akili. Sikatai. Mimi mwenyewe niliupenda. Mwalimu wetu alikuwa akiandika neno refu la Kiingereza ubaoni, nasi tunachimbua maneno madogo ndani yake, na aliyepata mengi alipigiwa makofi. Lakini katika darasa lilelile kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukiteleza useme neno moja la Kiluhya, unavishwa shingoni. Unakaa nacho hadi umnase mwenzako, na jioni aliyekutwa nacho anachapwa. Nilikivaa siku moja kwa sababu nilimwita kuku jina lake.

Sasa wewe niambie, mtoto anajifunza nini hapo? Kiingereza kilikuwa na makofi ya kupongeza, lugha ya mama ikawa na kiboko. Lugha unayoicheza unaizoea, unaigeuzageuza, unaijua hadi mifupa. Lugha unayochapiwa unaitamka kwa kunong'ona, kisha siku moja huwatamkii watoto wako. Kibao sijakiona siku nyingi. Kazi yake inaendelea bila yeye: mtoto hakuchapwa na mtu, lakini alishajua kwamba neno la nyanya yake ni kosa.

Wengine huniambia mchezo wa herufi hupima ujuzi wa Kiingereza. Mwaka 2015 Wellington Jighere wa Nigeria alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, nami nilifurahi kama wengine. Lakini mwaka huohuo Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa, na Kifaransa hakijui. Alikariri kamusi. Mwaka 2024 akarudia hivyohivyo kwa Kihispania. Basi kinachonolewa ni jicho na kumbukumbu, na jicho linaweza kunolewa kwa lugha yoyote. Hata vipande vyenyewe vilipangwa kwa hesabu ya Kiingereza: Alfred Butts, Mmarekani aliyeubuni mchezo huo miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye magazeti ya kwao. Katika vipande 100, E ziko 12, K ni moja. Ukitaka kuandika kuku, au kukhu, mpaka uombe msaada wa kipande kitupu.

Kiswahili nacho kisijifiche nyuma ya mlango. Wazee wa pwani waliandika khabari na khatari. Sisi leo ni habari na hatari, na mwanafunzi akiirudisha ile kh anapigwa msitari mwekundu. Anayekerwa na Kiingereza kisha anamcheka mtoto wa Khwisero kwa matamshi yake, huyo ameshika ncha ya pili ya kiboko kilekile.

Mtihani utakuja kwa Kiingereza, najua. Sijaomba kifutwe. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za jamii zetu, lakini hapa hatuhitaji kusubiri serikali. Tunahitaji rula. Mwalimu akigawa ukurasa mistari mitatu, Kiingereza, Kiswahili, lugha ya nyumbani, kazi ni ileile na chaki ni ileile. Mtoto atatafuta kotekote, na jioni atakuwa na sababu ya kumuuliza nyanya yake swali ambalo nyanya ndiye mwenye jibu.

Jioni ile tuligeuza ukurasa. Mama alitamka, mtoto akaandika, wakibishana kuhusu tahajia na kucheka. Alipoacha, yalikuwa maneno 41, na ugali ulikuwa umepoa.

Shule zilipofunguliwa nilipiga simu kuuliza kazi ilikwendaje. Alipata saba kwa kumi. Nikamuuliza kama alimwonyesha mwalimu ukurasa wa nyuma.

"Hapana, khotsa. Niliubandika na gundi."