KONA YA NYUMBANI: Modeli Zinazonata, na Chupa Ambayo Haifai Kuingia Nyumbani

 

Mwezi huu tunajibu swali ambalo tumeulizwa mara nyingi kule atelye ya kushona: "Mwalimu, modeli zetu za plastiki zinanata, tufanye nini?" Swali linaonekana dogo. Lakini majibu ambayo watu wanapeana wenyewe kwa wenyewe si yote mazuri, na moja lingeweza kuchoma nyumba. Kwa hiyo someni hadi mwisho, tafadhali.

Modeli tunazosema ni zile plastiki nyembamba zenye matundu ya maua, majani na mawimbi. Tunaziweka juu ya blanketi la vipande, yaani lile tunalounga kwa mabaki ya vitenge, na blanketi kuukuu katikati. Tunapitisha chaki katika matundu, mchoro unabaki juu ya kitambaa, halafu sindano inafuata mstari. Modeli ikiwa safi, mstari unanyooka. Ikiwa na gundi, inavuta kitambaa, chaki inaganda kwenye tundu, na vumbi la hapa kwetu Rubavu, lile jeusi la udongo wa volkano, linakaa juu yake na kuhamia kwenye kitambaa cheupe. Mteja akiona uchafu huo anapunguza bei, au anaacha kabisa. Na modeli moja inatumiwa na wamama wengi kwa zamu. Ikiharibika, wote wanakaa.

GUNDI INATOKA WAPI, NA KWA NINI HAITOKI KWA MAJI?

Inatoka kwa skochi. Wengine wanaiita selotepu. Tunabandika skochi ili modeli isiteleze, au tunaunga nayo modeli iliyopasuka, au modeli yenyewe inakuja na karatasi ya bei imebandikwa juu.

Gundi ya skochi si kama gundi ya seremala. Ya seremala inakauka na kuwa ngumu. Ya skochi imetengenezwa isikauke, ibaki laini, ishike kwa kukandamizwa tu na kidole. Ndivyo ilivyo tangu Mmarekani mmoja wa kampuni ya 3M, Richard Drew, alipotengeneza ya kwanza kwa ajili ya wapaka rangi za magari mwaka 1925, na ile ya kuona ndani mwaka 1930. Sasa skochi ikikaa siku nyingi, zaidi sana kwenye jua, ile sehemu ya juu inatoka na gundi inabaki peke yake.

Maji matupu hayaiwezi. Wamama mnajua: ukishika mawese halafu ukaosha mikono kwa maji peke yake, mikono inabaki vilevile. Gundi hii nayo ni ya ukoo wa mafuta, na maji na mafuta hayasikilizani. Lakini mafuta kwa mafuta yanasikilizana. Ukipaka mafuta ya kupikia, yanaingia pole pole ndani ya gundi, yanailegeza, inaachia plastiki. Kisha sabuni inakuja kuondoa mafuta. Siri yote ni hiyo: mafuta yanaondoa gundi, sabuni inaondoa mafuta.

NAMNA YA KUFANYA

1. Jaribu kwanza kwenye pembe ndogo ya modeli. Ukiona plastiki haibadiliki, endelea.

2. Kama kuna skochi au karatasi bado imebaki, loweka modeli katika maji ya vuguvugu dakika kumi. Vuguvugu maana yake mkono unakaa ndani bila kuumia. Kisha bandua pole pole kwa ukucha, au kwa kipande cha plastiki kama kadi ya simu ya zamani. Usitumie kisu wala wembe. Wembe unaacha mikwaruzo, na mikwaruzo ndiyo inashika uchafu mwingine kesho.

3. Ikauke. Kisha paka mafuta ya kupikia juu ya gundi tu, si juu ya modeli nzima. Tunajua vizuri kwamba mafuta ni chakula na hakuna nyumba iliyo nayo ya kumwaga. Kijiko kimoja cha chai kinatosha modeli kadhaa. Hata mafuta yaliyobaki baada ya kukaanga yanafaa, ukiyachuja. Mawese hapana, rangi yake nyekundu itahamia kwenye kitambaa.

4. Acha dakika 15 hadi 30. Hapa watu wengi wanakosa subira. Dakika hizo ndizo zinafanya kazi, si nguvu ya mkono. Weka modeli kivulini, ukaendelee na kazi nyingine.

5. Sugua kwa kidole ukizungusha. Utaona gundi inajikunja kama vidonge vidogo. Futa kwa kitambaa kikuukuu. Kama imebaki kidogo, rudia mara ya pili.

6. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande. Mswaki wa zamani unasaidia ndani ya matundu. Suuza mara mbili.

7. Anika kivulini. Ikikauka, pitisha kitambaa cheupe juu yake. Kama kitambaa kina doa, bado kuna mafuta, osha tena. Msiruke hatua hii, maana mafuta kwenye kitenge ni shida kuliko gundi.

KAMA MAFUTA HAKUNA

Kuna njia tatu za bure au karibu na bure. Ya kwanza: chukua kipande cha skochi mpya, kandamiza juu ya gundi, vuta haraka. Gundi inashika gundi na kutoka nayo. Rudia mara kadhaa. Ya pili: gome ya mwanafunzi, ile ya kufutia penseli. Sugua nayo, gundi itajikunja. Ila ombeni mtoto kwanza, msije mkamwacha bila gome siku ya mtihani! Ya tatu ni ya haraka tu: nyunyiza unga wa chaki juu ya gundi na ufute. Gundi haijatoka, lakini hainati tena, na unaweza kumaliza kazi ya siku hiyo.

SASA MAMBO YA HATARI

Hapa ndipo tunaomba masikio yote. Mama mmoja aliambiwa na jirani: "Paka petroli, inatoka mara moja." Jirani ni mtu wa Goma. Kwake yeye petroli ni mafuta ya taa, na hapa Rwanda pia wanasema hivyo, peteroli. Lakini yule mama alikaa miaka mingi Tanzania, na kule petroli ni ile ya kutia kwenye gari, ambayo sisi tunaita esansi, na Wanyarwanda lisansi. Basi akatafuta lisansi kwenye chupa ya Fanta. Akaanza kufuta modeli ndani ya nyumba, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua, na mbabula ilikuwa na makaa. Kumbe harufu ilimfikia jirani, akaja mbio, akatoa mbabula nje. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Lakini ilikuwa karibu sana.

Tuelewe vizuri. Lisansi haihitaji kuguswa na moto ili iwake. Inatoa mvuke hata kwenye baridi ya asubuhi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni bila kuonekana, unafika kwenye mbabula au mshumaa, na moto unarudi hadi kwenye chupa. Nyumba zetu zimekaribiana. Nyumba moja ikiwaka, haiwaki peke yake.

Kwa hiyo lisansi, kwa kazi hii, hapana kabisa. Hata nje, hata kidogo.

Na mafuta ya taa je? Ukweli ni kwamba yanaondoa gundi, hatuwezi kusema uongo. Lakini nayo yanawaka, harufu yake haitoki haraka kwenye kitambaa, na hatari kubwa ni mtoto. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda yanafanana na maji. Mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa. Yakiingia kwenye mapafu ni ugonjwa mkubwa sana. Ikitokea kwa mtoto yeyote, msimtapishe, wala msimpe maziwa au mafuta ili atapike, kwa sababu akitapika yanaweza kupita njia ya pumzi. Mpelekeni kliniki mara moja, na chupa mwende nayo muoneshe. Kama mafuta ya kupikia yanafanya kazi ileile, kwa nini tulete chupa hiyo nyumbani?

Mambo mengine ya kuepuka:

Asetoni, dawa ya kutoa rangi ya kucha. Plastiki si za aina moja. Angalieni chini ya vyombo, mara nyingi kuna pembetatu yenye namba. Chupa za maji na soda ni namba 1, bidoni nyingi ni namba 2, ndoo na mabakuli mengi ni namba 5. Namba 6 ni ile plastiki ngumu inayovunjika kirahisi, kama vikombe vingine vya yoguti. Asetoni inayeyusha namba 6 kama sukari kwenye chai. Modeli nyingi hazina namba, kwa hiyo ni afadhali kuiacha.

Maji ya moto. Hapa kwetu kando ya Ziwa Kivu tuko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Hata hivyo yanatosha kukunja plastiki. Mmeona chupa ya soda ikitiwa maji ya moto, inajikunyata kama mzee. Modeli ikijikunyata hivyo, maua yote yanapinda na hairudi tena.

Kuchoma modeli mbovu kwenye mbabula. Moshi wa plastiki ni mbaya kwa mapafu, zaidi sana ya watoto wachanga. Modeli iliyopasuka ileteni atelye, tutakata kipande kizima kiwe modeli ndogo ya pembeni.

GUNDI IKIFIKA KWENYE KITENGE

Hapo msianze na mafuta. Bonyezeni skochi mpya juu ya doa na kuvuta, mara nyingi. Kilichobaki, pakeni sabuni ya kipande ikiwa kavu, acheni kidogo, mfikiche kwa maji ya vuguvugu. Msipige pasi juu ya gundi. Joto linaisukuma ndani zaidi ya nyuzi.

NJIA NZURI KULIKO ZOTE: ISINATE TANGU MWANZO

Modeli inaweza kukaa bila skochi. Tumieni vibanio vya kuanikia nguo pembeni, au mawe mawili masafi juu yake, au mshono wa muda unaopita katika matundu mawili, ambao mtaufumua baadaye. Kama ni lazima skochi, kunjeni ncha yake kidogo ili mpate pa kushikia, na mbandue siku ileile kabla ya kwenda nyumbani. Skochi ya siku moja inatoka vizuri. Ya mwezi mmoja inaleta kazi yote hii tuliyoandika hapa juu.

Karatasi za majina pia tuache kubandika. Andikeni jina kwenye kipande cha kitambaa, mkifunge kwa uzi katika tundu la pembeni. Na modeli zikae zimelala, si kusimama, mbali na jua, na karatasi kati ya moja na nyingine. Mifuko ya plastiki hatutumii, mnajua Rwanda imeikataza tangu 2008, na sheria ya 2019 ikaongeza plastiki za kutumia mara moja. Karatasi ya daftari la zamani inatosha kabisa.

Wapendwa, tunaandika haya yote kwa sababu kazi ya sindano katika kambi si mchezo wa kupitisha muda. Blanketi moja likiuzwa sokoni Gisenyi au Mahoko, kuna mtoto anapata kaye na kalamu, kuna chungu kinapata kitoweo ambacho hakikuwa kwenye hesabu ya mwezi. Sisi walimu tunaona darasani mtoto ambaye mama yake aliuza. Tunaona pia yule ambaye mama yake hakuuza. Ndiyo sababu modeli moja ya plastiki tunaiheshimu.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi tutasafisha modeli zote pamoja, nje ya atelye, chini ya mti. Kila mama alete kitambaa kikuukuu na mswaki wa zamani. Vijana mlete maji. Kijiko cha mafuta sisi tutachangishana. Na yule jirani aliyetoa mbabula nje tutamwomba asimame aelezee kwa mdomo wake, kwa sababu si wote wanasoma ukurasa huu. Ambaye amesoma, amwambie asiyesoma: petroli ya mtu mmoja si petroli ya mwingine. Muulizane kwanza.

Hadi mwezi ujao, mkae salama.

Ni sisi, walimu wenu wa kujitolea.