Kasri la Njaa

Jodhpur, India, kuna hadithi watalii husimuliwa nao huimeza bila kutafuna: ati kasri la Umaid Bhawan lilijengwa kuokoa maskini. Ukame ulikuwa umewachapa wakulima wa Marwar, basi Maharaja Umaid Singh wa ukoo wa Rathore akawaonea huruma, akawapa kazi. Kazi gani? Kumjengea yeye nyumba ya vyumba 347.

Hebu tusimame hapo kidogo. Jiwe la msingi liliwekwa 1929, ujenzi ukaisha 1943. Watu kati ya 2,000 na 3,000 walichonga mawe ya rangi ya dhahabu, wakayapachika moja ndani ya jingine bila saruji. Ufundi huo unakuacha mdomo wazi, sibishi. Na mshahara wakati wa njaa ni mshahara; kuna mtoto alikula. Lakini mtoto huyo hakuhitaji kuba refu juu ya kichwa cha mfalme. Hakuhitaji dimbwi la kuogelea chini ya ardhi. Chini ya ardhi, jamani, kwenye nchi inayolilia maji! Bwawa kubwa la Jawai, la kunywesha watu na mashamba, lilianza kujengwa 1946, wakati kasri lilishakamilika miaka mitatu.

Na si ati familia ilikuwa inalala nje. Ngome ya Mehrangarh, pale pale mjini, ni yao tangu 1459.

Aliyechora kasri ni Mwingereza, Henry Vaughan Lanchester, yule yule aliyeandika mpango wa mji wa Zanzibar mwaka 1923. Fanicha zilizoagizwa Uingereza zikazama baharini wakati wa vita. Mfalme hakukata tamaa: akamwita msanii wa Poland, Stefan Norblin, apambe vyumba upya. Kumbe njaa hii ilikuwa na bajeti.

Umaid Singh alifariki 1947, mwaka ule ule India ikapata uhuru. Leo sehemu moja ya kasri ni hoteli ya kifahari, nyingine wanakaa warithi wake, nyingine ni makumbusho ya kuonyesha saa na magari ya kale ya familia.

Sawa, waonyeshe saa. Lakini kama kweli nyumba hii ilikuwa msaada wa njaa, si waweke pia daftari la mishahara kwenye kabati la kioo? Nani alibeba mawe, alilipwa ngapi kwa siku, na alikula nini 1944, kazi ilipokwisha?