Kura za Muyeye huhesabiwa, shilingi je?

Mwalimu wa Historia na Serikali anayefundisha Muyeye, hapo kandokando ya mji wa Malindi, akitaka kuwapa wanafunzi wake utafiti kuhusu uchaguzi wa wadi yao ya Shella, ataanza kazi hiyo kwa wepesi. Kura za kiti cha bunge la kaunti huandikwa kwenye Fomu 36A, kituo kwa kituo, kisha zikajumlishwa kwa wadi nzima kwenye Fomu 36B. Sheria yataka nakala ibandikwe nje ya kituo ili kila apitaye aisome. Mwanafunzi mwenye kalamu na karatasi aweza kujumlisha mwenyewe na kutoa hukumu iwapo hesabu imekaa sawa.

Na aulize sasa swali la pili: kila mgombea alitumia fedha ngapi, na alizipata kwa nani? Hapo utafiti hukwama. Hakuna fomu ya shilingi iliyobandikwa popote. Malori ya vipaza sauti yalipita, leso zenye picha za wagombea zikagawiwa, hema zikasimamishwa na pilau ikapakuliwa, lakini gharama ya hayo yote haikuachiwa umma hata ukurasa mmoja wa kusoma. Tunajua idadi ya kura hadi ile iliyoharibika. Fedha zilizozitafuta kura hizo hatuzijui.

Msomaji asidhani kwamba sheria haipo. Kifungu cha 88 cha Katiba ya 2010 chaipa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka jukumu la kudhibiti kiasi cha fedha kinachotumiwa na mgombea au chama. Mwaka 2013 Bunge likatunga Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi. Sheria hiyo yamtaka mgombea awe na kamati ya matumizi na akaunti ya benki ya kampeni, ataje michango aliyopokea na ilikotoka, na asichukue kutoka kwa mfadhili mmoja zaidi ya asilimia 20 ya michango yake yote. Tume nayo yatakiwa itangaze viwango vya juu vya matumizi katika Gazeti Rasmi la Serikali, angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi.

Ni sheria nzuri, ila imelazwa usingizi. Kabla ya uchaguzi wa 2017 Bunge liliisimamisha mpaka uchaguzi huo upite. Agosti 2021 Tume ikajaribu tena na kutangaza viwango: shilingi bilioni 4.4 kwa mgombea urais, bilioni 17.7 kwa chama, na vingine vikishuka hadi kwa wawakilishi wa wadi. Oktoba mwaka huohuo Bunge la Taifa likavifuta, kwa hoja kwamba kanuni za kuitekeleza sheria hazikuwa zimeidhinishwa nalo. Uchaguzi wa Agosti 9, 2022 ukafanyika bila mpaka wowote wa matumizi. Waliofuta viwango hivyo ndio waliokuwa wakijiandaa kwa kampeni hiyo. Kesi ya ngedere haijapata kuwa na hakimu mwingine.

Mwalimu wetu, akikosa daftari la wadi, huenda akaligeukia la chama. Hapo kuna kitu. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 yakitaka kila chama kitangaze magazetini vyanzo vya fedha zake katika siku 90 baada ya mwaka wa fedha kwisha, na hesabu zake zikaguliwe na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Raia yeyote aweza kuzisoma hesabu hizo kwa Msajili wa Vyama akilipa ada. Tatizo ni kwamba hesabu za chama ni za nchi nzima, hazishuki hadi Shella. Mgombea wa wadi aghalabu hujigharimia mwenyewe, au hugharimiwa na rafiki asiyetajwa. Tena kuna wagombea huru: katika uchaguzi mdogo wa wadi ya Ganda, katika eneobunge hilohilo la Malindi, mnamo Oktoba 2019, aliyeshinda alikuwa mgombea huru. Mtu asiye na chama hesabu zake zitatafutwa kwa Msajili yupi?

Ndiyo maana takwimu chache tulizo nazo hutokana na kuwauliza wagombea wenyewe. Karuti Kanyinga na Tom Mboya walifanya hivyo katika utafiti uliotolewa mwaka 2021, na wastani walioupata kwa aliyegombea uwakilishi wa wadi mwaka 2017 ulikuwa kama shilingi milioni 3. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini jibu la mgombea si risiti, na wastani wa taifa haumwambii mkazi wa Muyeye lolote juu ya mtu aliyemchagua yeye.

Kwa nini mwalimu ajisumbue? Kwa sababu bunge la kaunti ndilo linalopitisha bajeti ya madarasa ya chekechea, zahanati na barabara za mitaani, na katika kaunti nyingi mwakilishi wa wadi ana kauli kubwa katika ugawaji wa basari. Mwanakandarasi akilipia hema na malori leo, halafu kesho akapewa zabuni ya kujenga darasa, darasa hilo laweza kuwa ni deni linalolipwa, na watoto ndio watakaokaa chini ya bati lililofungwa kwa misumari pungufu. Sisemi kwamba limetukia Muyeye. Nasema kwamba lingetukia, hatungekuwa na njia ya kulijua. Nusu ya ushahidi ipo: Amri ya Rais Nambari 2 ya 2018 iliziagiza taasisi za umma zitangaze zabuni na majina ya washindi. Nusu ya pili, yaani orodha ya wafadhili wa kampeni, ndiyo haipo, na orodha moja bila mwenzake hailinganishwi na kitu.

Wapo watakaopinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Katika miaka ya tisini mfanyabiashara aliyejulikana kuwachangia wapinzani wa KANU aliogopa kunyimwa leseni. Usiri ulimkinga. Naikubali hofu hiyo, lakini dawa yake ni kusamehe michango midogo isitajwe, wala si kuyafunika mamilioni kwa blanketi la mwenye duka. Tena tukumbuke usiri huohuo ulifunika nini mwaka 1992, noti ya shilingi 500 ilipozagaa katika kampeni hata wananchi wakaibandika jina la Jirongo, aliyeongoza kundi la Vijana wa KANU 92. Mfumuko wa bei uliofuata ulilipwa na kila mnunuzi wa unga, aliyepewa noti na asiyepewa.

Wengine watasema mkono mtupu haulambwi, na mgeni wa Pwani hukirimiwa. Jirani zetu wa Tanzania walilipitia jambo hili. Waliruhusu takrima katika sheria yao ya uchaguzi mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaitangua mwaka 2006 kwa kukiuka katiba, na mwaka 2010 wakatunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi inayomtaka mgombea atoe hesabu. Marekani, hesabu za wagombea wa viti vya mitaa kwa kawaida huwekwa katika afisi za mji, kaunti au jimbo, na mkazi huziomba kaunta. Huko nako fedha huharibu siasa, pengine kuliko kwetu, ila mwanafunzi ana pa kuanzia.

Na wa Muyeye? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yampa raia haki ya kuomba rekodi zilizo mikononi mwa afisi ya umma. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, mwombaji halazimiki kueleza sababu, na afisi yapaswa kujibu katika siku 21. Karatasi ambayo haikuandikwa haiwezi kutolewa, ni kweli. Lakini Tume yaweza kuulizwa kwa maandishi: je, mnayo taarifa yoyote ya matumizi ya wagombea wa wadi ya Shella ya mwaka 2022? Na kwa uchaguzi wa Agosti 10, 2027, ambao miezi yake 12 yaanza kuhesabiwa Agosti 10, 2026, ni viwango gani vilivyotangazwa, na katika toleo gani la Gazeti Rasmi? Mwalimu na atie saini barua hiyo mbele ya darasa, atunze nakala, na siku ya 21 wanafunzi wafungue jalada. Jibu likiwa ni "hatuna", lipigwe muhuri wa tarehe na liwekwe humo kando ya nakala ya Fomu 36B.